Uzi: Mwendo wa uchapishaji ndio unaoijenga au kuibomoa manga na riwaya nyepesi

#1

Salaam, wadau. Kila inapozuka hoja ya manga (hadithi za michoro za Kijapani) au riwaya nyepesi ipi ni bora, wasomaji wengi hukimbilia kulinganisha nguvu za wahusika, au kupanga kazi kwa aina: za mapigano huku, za mapenzi kule, za kuhamia ulimwengu mwingine pembeni. Naomba uzi huu tuufungue kwa kigezo kingine. Naamini kwamba kinachoamua zaidi kama hadithi itasimama hadi mwisho ni mwendo wa uchapishaji wake: inatoka kila wiki, inatoka kila mwezi, au inawekwa mtandaoni sura kwa sura kabla ya kuwa kitabu. Kipaji cha mtunzi kina nafasi yake, lakini kipaji hichohicho kikibanwa na ratiba tofauti huzaa kazi tofauti. Nitatoa maoni yangu juu ya kazi ninazozifahamu, kisha kila mmoja alete zake. Natahadharisha mapema kwamba nitagusia mwisho wa hadithi kadhaa.

Nianze na jarida la Weekly Shonen Jump la kampuni ya Shueisha, kwa kuwa wengi wetu tuliingilia mlango huo. Jarida hili lilianza mwaka 1968, na mwishoni mwa 1994 lilifikia kilele cha nakala milioni 6.53 kwa toleo moja. Sura ya wiki huwa na kurasa zipatazo 19, na wasomaji wa Japani wamekuwa wakirudisha kadi ya maoni ambayo humo hutaja hadithi tatu walizozipenda zaidi katika toleo husika. Hadithi inayokaa mkiani kwa muda huondolewa, hata kama mtunzi alikuwa na mipango ya miaka kumi mbele. Ukishalijua hilo unaelewa kwa nini sura nyingi za jarida hili huishia pale panga linapoinuliwa, na kwa nini adui mpya huingia kabla majeraha ya vita vya jana hayajapona.

Naruto ya Masashi Kishimoto, iliyotoka kuanzia 1999 hadi 2014 na kufikia sura 700 katika juzuu 72, inaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Kisa cha maadui wawili, Zabuza na Haku, darajani, kinachokuja mapema kabisa, kwangu ni miongoni mwa visa bora katika manga za mapigano. Kina watu wachache, kina mahali pamoja, na kinapomalizika Naruto anakuwa ameuliza swali ambalo hadithi nzima itamdai jibu: je, shinobi (ninja) ni chombo tu cha kutumiwa? Sasa kilinganishe na vita vikuu vya mwishoni. Madara anajengwa kwa muda mrefu kama kilele cha uovu, halafu dakika za majeruhi anaondolewa na Kaguya anasimamishwa mahali pake, adui ambaye msomaji hana chuki naye wala huruma naye, kwa sababu hakupewa muda wa kumjua. Sioni kwamba Kishimoto aliishiwa. Naona mtu aliyetoa kurasa wiki baada ya wiki kwa takriban miaka 15, na ambaye hakuwa na nafasi ya kusimama akatazama nyuma.

Bleach ya Tite Kubo sitaisemea mengi. Kisa cha kumwokoa Rukia ni kizuri mno, na sehemu ya mwisho imefungwa kwa pupa inayoonekana hata kwenye michoro, ambapo fremu nyingi hazina mandhari kabisa.

Upande wa pili namweka Hiromu Arakawa na Fullmetal Alchemist, iliyotoka katika Monthly Shonen Gangan kuanzia 2001 hadi 2010, sura 108 katika juzuu 27. Hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu. Mwanzoni kabisa ndugu wawili, Edward na Alphonse, wanafika katika mji wa Lior na kumfichua kuhani tapeli anayewalaghai watu kwa miujiza ya uongo. Ukisoma mara ya kwanza unadhani ni kisa cha utangulizi tu, cha kutuonyesha wahusika. Miaka kadhaa baadaye, ramani ya nchi inapotandikwa mezani na sehemu zilizomwagika damu zinapounganishwa kwa mstari, Lior imo ndani ya duara. Kile kilichoonekana kisa cha pembeni kilikuwa tofali la ukuta wenyewe. Mpango wa aina hiyo unahitaji mtunzi anayepata wiki kadhaa kati ya sura na sura, na sura yenye kurasa za kutosha kumaliza wazo bila kulikata shingo katikati. Mwisho wake pia ni wa haki: Edward analipa kwa kitu ambacho hadithi imekuwa ikikitaja tangu mwanzo, na hakuna nguvu mpya inayoshushwa kutoka mbinguni ili kumwokoa.

Vivyo hivyo Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyotoka kila mwezi katika Bessatsu Shonen Magazine kuanzia 2009 hadi 2021, sura 139. Najua mwisho wake umewagawa wasomaji, na mimi mwenyewe naona sura ya mwisho imebeba maelezo mengi kuliko uwezo wake. Hata hivyo naomba tuitazame sura ya 42. Askari wamesimama juu ya ukuta, wamechoka, wengine wanazungumza jambo jingine kabisa, na Reiner, askari mwenzao, anamwambia shujaa Eren kwamba yeye ndiye Jitu la Deraya na mwenzake ndiye Jitu Kubwa Mno, wale maadui waliovunja kuta zao. Isayama hakumpa ukurasa mzima, wala herufi nene, wala mistari ya mshtuko. Maneno yale yamewekwa ndani ya fremu ya kawaida, katikati ya mazungumzo ya kawaida, na msomaji anaweza kupita kabla hajashtuka na kurudisha macho nyuma. Mtunzi anayeogopa kushika mkia kwenye kura za wiki hii ni nadra kuthubutu kuificha siri kubwa kiasi hicho mahali pa wazi.

Huo ndio msimamo wangu. Karibuni.

#2

Ndugu mleta uzi, nimekusoma kwa makini na naiheshimu hoja yako, lakini siwezi kukubaliana nayo yote. Umechagua kazi za wiki zilizochoka na kazi za mwezi zilizofaulu, kisha ukailaumu ratiba. Ziko kazi za wiki ambazo uzuri wake umetokana na shinikizo hilohilo unalolilaani.

Chukua Slam Dunk ya Takehiko Inoue, manga ya mpira wa kikapu, iliyotoka katika jarida lilelile la Shonen Jump kuanzia 1990 hadi 1996, juzuu 31. Mechi ya Shohoku, timu ya shule ya shujaa Sakuragi, dhidi ya Sannoh inachukua juzuu nyingi, na sekunde zake za mwisho zimechorwa karibu bila neno hata moja. Hakuna mtangazaji, hakuna mawazo ya mchezaji yaliyoandikwa, ni viatu, jasho, saa na mpira. Sakuragi, kijana ambaye tangu ukurasa wa kwanza hajui kunyamaza, anasimama mahali pake akiwa ameinua mikono, na neno pekee analolitamka ni lile somo la msingi alilofundishwa, kwamba mkono wa kushoto ni wa kuegemeza tu. Tulimwona akirusha mitupo 20,000 mazoezini, kwa hiyo hakuna anayehitaji kuelezwa uzito wa mtupo huu mmoja. Baada yake Sakuragi na Rukawa, wachezaji wa timu moja waliochukiana hadithi nzima, wanapigana viganja katika kurasa mbili zilizounganishwa, kisha kila mmoja anamgeuzia mwenzake mgongo.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niipende zaidi. Inoue haendi hadi fainali. Anatuarifu kwa maneno machache kwamba Shohoku walifungwa vibaya katika mechi iliyofuata, na hadithi inamalizika. Mtunzi wa jarida la kila wiki, mwenye kazi iliyopendwa kupita kiasi, alisimama pale alipoona pamefaa. Kwa hiyo si kila anayekimbia na ratiba ya wiki hupoteza breki.

Mfano wangu wa pili ni A Silent Voice ya Yoshitoki Oima, iliyotoka katika Weekly Shonen Magazine kuanzia 2013 hadi 2014, juzuu 7 tu. Shoya, aliyemdhulumu utotoni msichana kiziwi aitwaye Shoko, amejitenga na watu kiasi kwamba nyuso za wanafunzi wenzake zimechorwa zikiwa na alama kubwa ya msalaba juu yake. Mtu anapoanza kumjali, alama hubanduka na kudondoka. Ni mbinu ya mchoro mtupu ambayo haihitaji maelezo, na ilitoka kila wiki bila kulegea. Nakubali kwamba wahusika wa pembeni ni wengi kuliko juzuu saba zinavyoweza kuwahudumia, hasa kile kikundi kinachojaribu kutengeneza filamu, lakini uzi mkuu hauachiwi.

Nadhani kinachoamua ni kama mtunzi anajua anakokwenda, na kama mhariri wake atamruhusu afike.

#3

Mimi nichangie upande wa riwaya nyepesi, maana naona zimetajwa kwenye kichwa cha uzi tu, zikaachwa mlangoni.

Kwa wasomaji wageni: hizi ni riwaya fupifupi zenye michoro michache ndani, na katika miaka ya karibuni nyingi huanzia mtandaoni, hasa katika tovuti ya Shosetsuka ni Naro iliyofunguliwa mwaka 2004, ambako mtu yeyote anaweza kuweka sura zake bure. Hapo mwendo wa uchapishaji unakuwa wa namna ya tatu ambayo mleta uzi ameigusia tu. Hakuna kikomo cha kurasa, hakuna mhariri, na msomaji anatoa maoni siku ileile. Matokeo yake ni kazi nyingi zinazorefuka bila sababu, lakini pia kazi chache ambazo jarida lolote lingezikataa kwa kusema zinakwenda polepole mno.

Ascendance of a Bookworm ya Miya Kazuki ndiyo ninayoiweka juu ya zote. Iliwekwa mtandaoni kuanzia 2013 hadi 2017 kwa jumla ya sura 677, kisha TO Books wakaichapisha katika juzuu 33 kuanzia 2015 hadi 2023. Mwanamke anayependa vitabu kuliko kitu chochote anafariki kwa kuangukiwa na vitabu, anazaliwa upya katika mwili wa Myne, mtoto mgonjwa wa askari, katika jamii ambayo vitabu ni vya matajiri tu. Anaamua kutengeneza chake mwenyewe. Hapo hadithi nyingine ingempa uchawi na kumaliza shida ndani ya ukurasa mmoja. Kazuki anamfanya Myne afume nyuzi za majani mpaka vidole vimshinde na kipande kitoke kidogo kisichofaa kuandikiwa. Anajaribu mabamba ya udongo, yanapasuka motoni. Anachonga vijiti vya kuandikia, na mama yake, ambaye hasomi na haoni tofauti kati ya kijiti hicho na kuni nyingine, anavitia jikoni. Mama hana ubaya wowote. Kuni ni kuni. Katika kisa hicho kimoja unaelewa umaskini wa nyumba ile kuliko ambavyo ungeuelewa kwa kurasa kumi za maelezo, na unaelewa pia umbali uliopo kati ya Myne na familia inayompenda.

Uvumilivu huo unaendelea. Karatasi inapopatikana, swali linakuwa nani ana haki ya kuiuza, nani atadhurika, mkataba uandikweje. Myne anapanda ngazi za jamii, na kila ngazi anayopanda inamgharimu mtu. Kilio cha wengi ni kwamba sehemu ya kwanza inachelewa. Mimi naona kuchelewa huko ndiko kunakoipa uzito sehemu ya pili inapomalizika, pale Myne anapotakiwa kutengana na wazazi wake kwa mkataba wa kichawi. Jarida la wiki lingeliua jambo hili likiwa changa.

Re:Zero ya Tappei Nagatsuki, iliyoanza kwenye tovuti hiyohiyo mwaka 2012, naipenda kwa shingo upande. Shujaa Subaru, ambaye kila akifa hurudi nyuma ya wakati, amejengwa kwa ujasiri mkubwa, hasa pale anapojiaibisha mbele ya wagombea wa kiti cha ufalme, anapigwa na askari Julius hadharani, na kisha anagombana na Emilia, msichana anayempenda, kwa maneno ambayo msomaji anatamani asingeyasema. Ni waandishi wachache wa fani hii wanaomwacha shujaa wao awe wa kuchukiza kiasi hicho kwa muda mrefu kiasi hicho. Tatizo ni kwamba Nagatsuki husema jambo mara tatu ambalo lilieleweka mara ya kwanza. Ni ugonjwa wa mtandaoni: hakuna aliyemwambia akate.

#4

Nashukuru sana kwa michango hii. Ndugu wa #2, Slam Dunk ni mfano mzito. Hata hivyo naomba uangalie alichofanya Inoue baadaye. Alipoanza Vagabond mwaka 1998 hakurudi katika Shonen Jump. Alikwenda jarida la Morning, linalolenga watu wazima, na baadaye hata kalamu akaiweka kando akachora kwa brashi. Mtu aliyeimudu ratiba ile kuliko wengine wengi aliamua kwamba kazi aliyoitaka sasa ilihitaji nafasi nyingine.

Kuna mfano ulio wazi zaidi. Vinland Saga ya Makoto Yukimura ilianza mwaka 2005 katika Weekly Shonen Magazine, na kabla mwaka huo haujaisha ikahamia Monthly Afternoon, kwa kuwa mtunzi hakuweza kwenda na kasi ya wiki. Fikirini ingekuwaje kama angebaki. Sehemu ya shambani, ambapo shujaa Thorfinn, aliyekuwa mpiganaji, ni mtumwa anayekata miti, anang'oa visiki na kupanda ngano, haina vita kwa muda mrefu sana. Wasomaji waliokuja kwa ajili ya mapanga ya mwanzoni walilalamika. Lakini ni katika udongo ule ndipo anaanza kuwaona watu aliowaua, na anapokubali kupigwa ngumi 100 ili tu apewe nafasi ya kuzungumza na mfalme Canute, hataki kurudisha hata moja. Baba yake, Thors, alimwambia utotoni kwamba hana adui. Thorfinn anapoyatamka maneno hayo mwenyewe, yamelipiwa kwa juzuu nyingi za kazi ya jembe. Kwenye kura za wiki, sehemu ya shambani isingefika mavuno ya kwanza.

Kuhusu Hunter × Hunter ya Yoshihiro Togashi, ambayo najua itatajwa, mimi naiona kama ushahidi wa upande wangu ingawa ilizaliwa Shonen Jump mwaka 1998. Mapumziko yake marefu yametokana kwa kiasi kikubwa na afya ya mtunzi, na mwishoni mwa 2022 ilitangazwa rasmi kwamba haitatoka tena kwa ratiba ya kila wiki. Sehemu ya Sisimizi Kimera inamalizika kwa mfalme wa sisimizi hao, Meruem, na yule msichana kipofu, Komugi, wakicheza mchezo wao wa ubao, gungi, huku sumu ikiwamaliza. Togashi anazima picha. Fremu zinakuwa nyeusi, zimebaki sauti mbili tu zinazoitana gizani, kwa maana Meruem naye sasa haoni. Msomaji anawekwa mahali ambapo Komugi amekuwa maisha yake yote. Sijui manga nyingine ya mapigano iliyomzika adui wake mkuu kwa heshima hiyo, bila pigo hata moja kutoka kwa shujaa.

#5

Mleta uzi, ratiba ya taratibu nayo ina gharama yake. Vagabond unayoisifu imesimama tangu 2015, ikiwa na juzuu 37, na shujaa wake, mpiga panga Musashi, tumemwacha baada ya kisa cha kulima na kuivisha mpunga katika kijiji chenye njaa, pambano lake na mpinzani wake Kojiro likiwa bado. Berserk ya Kentaro Miura ilianza 1989, michoro yake ikazidi kuwa na mistari mingi na mwendo ukazidi kupungua, hadi Miura alipofariki Mei 2021 kabla ya kuimaliza. Tangu Juni 2022 inaendelezwa na Studio Gaga chini ya usimamizi wa rafiki yake Kouji Mori, ambaye Miura alimsimulia hadithi yote. Nawaheshimu sana kwa uamuzi huo. Mori aliwaeleza wasomaji wazi kwamba ataandika tu yale aliyoyasikia kwa Miura mwenyewe, na huo ni uaminifu. Lakini nikifungua sura mpya naona mkono stadi, na simwoni Miura katika macho ya shujaa Guts. Naendelea kusoma kwa sababu nataka kujua alikokuwa anakwenda.

Kwa hiyo mimi nikiulizwa nichague kati ya kazi iliyofungwa kwa pupa na kazi isiyofungwa kabisa, nitachukua isiyofungwa, ila naelewa anayekataa kuianza.

#6

Naongezea jambo ambalo halijaguswa: mashindano. Riwaya nyepesi nyingi za zamani hazikuanza kama mfululizo. Mtu aliandika kitabu kimoja kwa ajili ya tuzo ya mchapishaji, na kitabu hicho kilitakiwa kisimame chenyewe. Ukikisoma unahisi hivyo.

The Melancholy of Haruhi Suzumiya ya Nagaru Tanigawa ilishinda tuzo kuu ya Sneaker na kuchapishwa 2003. Ni hadithi iliyokamilika, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Uzuri wake mkubwa ni sauti ya msimulizi, Kyon, kijana anayelalamika kila hatua na bado haondoki. Tanigawa mara nyingi haweki alama za usemi anapomwandika, na wahusika wengine humjibu, kwa hiyo huna hakika kama alisema au alifikiri tu. Katuni zake za 2006 ni nzuri, lakini jambo hilo haliwezi kuonyeshwa kwenye skrini, kwa sababu mdomo ama umefunguka ama haukufunguka. Juzuu ya nne, ile ya kutoweka kwa Haruhi, msichana anayemsumbua Kyon, ndiyo bora kuliko zote, kwa kuwa inamlazimisha mlalamikaji huyo kuchagua kama kweli anautaka ulimwengu anaoulalamikia. Baada ya hapo mfululizo unatafuta sababu ya kuendelea, na haikushangaza kwamba kulikuwa na pengo kutoka 2011 hadi 2020 kabla ya juzuu nyingine kutoka.

Spice and Wolf ya Isuna Hasekura, iliyopata tuzo ya fedha katika shindano la Dengeki na kuanza kuchapishwa 2006, nayo ilianza hivyohivyo. Juzuu ya kwanza ni kisa cha biashara ya sarafu: kijana mmoja anamnong'oneza mfanyabiashara Lawrence kwamba sarafu fulani itaongezwa kiwango cha fedha, na Holo, mungu mbwamwitu mwenye masikio yanayotambua uongo, anajua kwamba kijana anadanganya. Swali linakuwa ni nani anayefaidika watu wakiamini kinyume cha ukweli. Hakuna pambano la kuokoa dunia. Kuna watu wawili juu ya mkokoteni wakibishana kuhusu bei, na ubishi wao ndio uchumba wao. Ni mara chache nimesoma mapenzi yaliyoandikwa kwa adabu na akili kiasi hicho.

Kinyume chake tazameni Sword Art Online ya Reki Kawahara. Aliiandika kwa ajili ya shindano la Dengeki, ikazidi kikomo cha kurasa, akaiweka mtandaoni mwaka 2002, na ikawa kitabu 2009. Jengo la Aincrad, ndani ya mchezo wa kompyuta ambamo wachezaji wamenaswa, lina ghorofa 100, lakini juzuu ya kwanza inatupa siku ya kwanza kisha inaruka miaka miwili hadi ghorofa ya 74. Msomaji anaambiwa Kirito na Asuna wamepitia mengi, hajionei. Mwaka 2012 Kawahara alianza mfululizo wa Progressive unaorudi ghorofa ya kwanza na kupanda moja moja, na kwa maoni yangu Asuna wa humo ndiye mtu kamili, mwenye woga, hasira na ubishi wake. Hapa nakubaliana na mleta uzi: mwandishi ni yuleyule, wahusika ni walewale, kilichobadilika ni nafasi.

#7

Wakuu, naomba kuuliza. Kuna haja gani ya kusoma ikiwa katuni zipo? Mimi Fullmetal Alchemist nimeitazama na kuridhika.

#8

Swali zuri, ndugu wa #7. Fullmetal Alchemist yenyewe ina jibu, maana ile ya 2003 ilitengenezwa manga ikiwa haijafika hata katikati, ikabidi ijitafutie mwisho wake, na ya 2009 ndiyo iliyomfuata Arakawa hadi tamati. Zote mbili ni kazi nzuri, lakini ni hadithi mbili tofauti. Anayetaka kujua mtunzi alikusudia nini hana budi kufungua kitabu.

Mfano mwingine ni The Apothecary Diaries ya Natsu Hyuga, iliyoanza mtandaoni 2011. Riwaya hiyo moja ina manga mbili zinazokwenda sambamba tangu 2017, moja ya Square Enix na nyingine ya Shogakukan. Ya kwanza imempamba shujaa Maomao, msichana mjuzi wa dawa, na kukuza vichekesho vyake. Ya pili inatumia muda zaidi kwenye ushahidi na fitina za kasri. Nimezisoma zote, na nikitaka kumfuata Maomao anavyofikiri kuhusu sumu hatua kwa hatua, narudi kwenye riwaya, kwa sababu humo ndimo anaponusa, anaonja, anakataa kusema anachokijua, na anaeleza kwa nini kukisema kungemletea kifo mtu asiye na hatia.

Ndugu wa #5, hoja yako kuhusu kazi zisizofungwa ni nzito, na kwangu iliyo chungu zaidi ni Nana ya Ai Yazawa. Ilianza mwaka 2000 na imesimama tangu 2009 mtunzi alipougua, ikiwa na juzuu 21. Nampendekezea yeyote aisome hata hivyo, kwa kuwa urafiki wa wale wasichana wawili wenye jina moja umechorwa kwa ukweli ambao sijauona kwingine: wanapendana, wanaoneana wivu, na wanaumizana kwa kunyamaza.

Frieren ya Kanehito Yamada na Tsukasa Abe ndiyo ninayoifuatilia kwa karibu sasa. Ilianza Aprili 2020 katika Weekly Shonen Sunday, na jina la jarida ni la kila wiki, lakini imekuwa ikipumzika mara kwa mara, na binafsi sina kinyongo na mapumziko hayo. Sura ya kwanza inaanzia mahali hadithi nyingine huishia: safari ya miaka kumi imekwisha, pepo mkuu ameuawa, mashujaa wanarudi nyumbani. Miaka 50 inapita ndani ya kurasa chache, Himmel, kiongozi wao, anazeeka na kufa, na mwenzake Frieren, anayeishi maelfu ya miaka, analia kaburini kwa sababu hakufanya juhudi ya kumjua. Mashaka yangu yako kwenye sehemu za mapigano makubwa, kama ule mtihani wa wachawi, ambapo wahusika wapya wanaingia kwa mkupuo na Himmel anasahaulika kwa sura nyingi mfululizo. Nikiona sura tulivu zimeanza kupungua na mitihani na vita vikawa ndiyo kawaida, nitakuwa na wasiwasi. Aliyeisoma hadi sura za karibuni aje atueleze anaionaje, hasa kuhusu Fern na Stark, wenzake Frieren wa safari, ambao naona wanastahili kurasa nyingi zaidi kuliko wanazopewa.